Kusaka vikasha na watoto Dar es Salaam: tathmini ya mchezo wa Geocaching

Kwa mwaka mmoja na nusu sasa, Jumamosi za familia yetu huanza kwa swali la kitinda mimba: "Baba, leo tunasaka wapi?" Kinachosakwa ni kikasha, mara nyingi kisichozidi ukubwa wa kopo la pilipili manga, ambacho mtu tusiyemjua amekificha mahali fulani mjini, akachukua namba za latitudo na longitudo za mahali hapo, kisha akaziweka kwenye programu ya simu iitwayo Geocaching ili wengine wakitafute. Anayekipata husaini daftari lililomo ndani, hukirudisha palepale kilipokuwa na huandika kwenye programu kwamba amekipata. Wazazi kadhaa wa shule wanayosoma wanangu wameniuliza kama mchezo huu unafaa kwa mji kama huu wetu, na jibu langu ni kwamba unafaa sana, ila si kwa namna ile ambayo kanuni zake zinaufikiria.

Mchezo wenyewe umewazidi umri watoto wetu wote. Mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti za GPS yanayopokewa na raia, na vifaa vilivyokuwa vikikosea kwa kadiri ya mita 100 vikaanza kumfikisha mtu karibu kabisa na mahali anapopataka. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatangaza kwenye intaneti namba za mahali ilipo, na Mike Teague akawa wa kwanza kuifikia. Miongoni mwa vitu vilivyokuwamo ni kopo la maharage. Kanuni za leo zisingeliruhusu kopo hilo, kwa kuwa chakula ni marufuku kutiwa kikashani, na yeyote aliyewahi kusahau nusu andazi mezani usiku kucha hapa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa sababu. Hivi sasa vikasha vilivyofichwa duniani vimepita milioni 3.

Programu hueleza kila kikasha kwa namba mbili, kuanzia 1 hadi 5: moja ni ya ugumu wa kukipata na nyingine ni ya ugumu wa njia ya kukifikia. Mwenye watoto wadogo aziangalie zote mbili kabla ya kupanda daladala. Simu ikikufikisha, kazi yake karibu imekwisha, kwani mshale wake hukosea kwa mita kadhaa, na chini ya miti au kati ya maghorofa ya Posta huyumba zaidi. Kikasha chetu cha kwanza kilikuwa upande wa Oysterbay, si mbali na bahari. Sitataja mahali hasa, kwa sababu kufichua ni kuwaharibia wenzako. Mshale ulisema mita 4 mbele, tukasogea, ukasema mita 6 nyuma. Mwanangu wa pili, mwenye miaka tisa, alichoka kuufuata, akanirudishia simu na kuanza kupapasa ukuta wa mawe ya matumbawe uliokuwa chini ya mkungu, jiwe baada ya jiwe. Moja lilicheza. Nyuma yake palikuwa na kikopo chenye sumaku iliyokwishaliwa na kutu ya chumvi, na ndani yake karatasi iliyoviringishwa, pembe zake zikiwa na unyevu, yenye majina ya watu waliotutangulia. Aliandika lake kwa herufi kubwa mno, akamaliza nafasi ya watu watatu.

Kanuni inayotushinda hapa ni ile inayomtaka msakaji asionekane na wasiohusika. Huenda katika msitu wa Oregon hilo likawezekana. Dar es Salaam, familia ya watu watano ikiinamia ukuta kwa dakika kumi haikosi mtu wa kuuliza, "Mmepoteza nini hapo?" Siku ile ya kwanza nilijifanya ninafunga kamba za viatu, nami nilikuwa nimevaa kandambili. Mlinzi wa nyumba ya jirani, mtu mzima, alinitazama hadi nikaona aibu, nikamwendea. "Shikamoo mzee," nikasema, nikamweleza habari ya kikopo na watoto. Akacheka, "Marahaba. Kumbe ndicho hicho! Mimi naona wageni wanakuja kuinama hapo, nikajua wanatafuta pete." Tangu siku hiyo utaratibu wetu ni salamu kwanza, maelezo mafupi, kisha kusaka, na haujatuangusha. Waendesha bodaboda wa kijiwe kimoja cha Msasani waliwahi kuacha kazi kwa robo saa wakitusaidia kutafuta. Kwa wachezaji wa nchi nyingine huenda hilo ni kuvunja mchezo, lakini kwetu ndiyo jumuiya yenyewe, maana wachezaji tunaofahamiana mjini ni wachache, ilhali watu wanaovilinda vikasha bila kujiandikisha popote ni wengi. Pamoja na hayo, kuna sehemu ambazo hatuendi hata mshale ukielekea huko: majengo ya ulinzi na usalama, bandari na kandokando ya madaraja. Mtu anayepapasa vitu mahali pa namna hiyo akiwa na simu mkononi hana maelezo yatakayomtosha askari.

Upungufu mkubwa ni uchache wa vikasha, na baadhi ya vilivyomo ramani huviita vipo hali vimekwishatoweka. Mara mbili tumesafiri kutoka Kimara, mwendokasi na bajaji juu yake, tukakuta shimo tupu, na watoto wakajifunza kuandika kwa heshima, "Hatukukipata." Chanzo ni kwamba mfichaji huhama, na kikasha bila mtunzaji hakivuki masika mawili. Kwa sababu hiyo tukaamua kuficha cha kwetu. Utaratibu wake ni wa makini kuliko nilivyodhani: lazima uwe na ruhusa ya mwenye eneo, hairuhusiwi kukifukia ardhini, kiwe umbali wa angalau mita 161 kutoka kingine, na mkaguzi wa kujitolea hupitia maelezo yako kabla hakijatokea kwenye ramani. Chetu kiko kwenye ua wa duka la mzee mmoja jirani yetu, ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko wa mpira, pamoja na golori, vifungo na bangili za shanga za kubadilishana, kwa sharti kwamba anayechukua kitu aache chenye thamani sawa au zaidi. Daftari la kwanza lililowa mwezi Aprili. La pili tumelitia kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu.

Kitu kilichowateka watoto kuliko golori ni kibati chenye namba kilichofungwa kwenye kijisanamu cha twiga. Hicho hakimilikiwi, bali husafirishwa kutoka kikasha hadi kikasha, na programu huchora njia yake. Baada ya mabishano marefu walikubali kukiachia, wakampa binamu yao aliyekwenda kusoma Ujerumani, na sasa jina la mji wa mbali likitajwa kwenye taarifa ya habari hukimbilia kutazama kama twiga wao amefika.

Kwa upande wa gharama, kujiunga ni bure. Bando na nauli ndivyo vinavyokula fedha, pamoja na betri, ambayo ramani huimaliza kabla ya adhuhuri, kwa hiyo beba pawabenki. Asiyelipa ada huonyeshwa na programu hasa vikasha rahisi, na vilivyotengwa kwa wanaolipa havifunguki kabisa. Mimi sijalipa bado. Vikasha vya bure ambavyo hatujavifikia vimebaki vitatu, kimoja kikiwa ng'ambo ya Kigamboni, na watoto wamekwishakataa kupita darajani: wanataka pantoni.