Vyumba vya kupanga Maseno: kagua bati kabla ya rangi

Chumba cha kawaida nje ya geti la Chuo Kikuu cha Maseno, magharibi mwa Kenya, ni futi 10 kwa 11: sakafu ya simenti, bati juu, choo cha pamoja uani. Kwa mwanafunzi kinatosha, mradi maji yapo. Hapo ndipo ploti nyingi, yaani nyumba za vyumba vya kupanga, hufeli.

Asikudanganye mtu kwamba Ziwa Victoria liko jirani. Liko chini huko, zaidi ya mita 300 chini ya Maseno, na maji hayapandi mlima yenyewe. Ploti nyingi hutegemea mvua. Ikinyesha milimita 10, bati la chumba kimoja hutoa kama lita 100, yaani madumu matano. Tanki la lita 10,000 lenye wapangaji 10, kila mmoja na madumu mawili ya lita 20 kwa siku, hukauka siku ya 25 mvua isiponyesha. Januari, mvua ikiadimika, hiyo si hesabu ya mzaha.

Basi ukishauliza ukubwa wa tanki, tazama gata, mfereji wa kukinga maji ya bati. Ikilegea katikati, maji humwagikia ukutani badala ya kufika tankini, na huacha michirizi myekundu ya udongo. Ukiona rangi mpya nusu ya chini tu ya ukuta, shuku. Bonyeza kwa kidole: plasta ikimomonyoka, godoro lako litaota ukungu upande wa ukuta.

Chumba chenye dari kinastahili kuongezewa pesa kidogo. Bila dari, mvua ya alasiri ikipiga bati hata simu huwezi kupokea, na neti ya mbu si rahisi kuifunga. Huku malaria haina likizo. Neti iwe na kamba nne na pindo zichomekwe chini ya godoro.

Umeme: mita ya tokeni iwe yako peke yako. Mkishiriki mita, jirani akipikia koili ya wati 1,000 kwa saa mbili, uniti 2 zimekwenda, na bili mnagawana sawa.

Ukipanga Luanda, mji wa jirani, soko liko karibu zaidi, samaki kama omena na mbuta utapata, ila asubuhi ya mtihani utagombania matatu.

Usitoe dipoziti asubuhi ya jua. Rudi saa kumi jioni mvua ikinyesha, usimame katikati ya chumba, utazame juu.