Hadithi Sita za Ndoa Kutoka Marekani: Nakala za Bure Zinatosha?

Hadithi fupi mashuhuri za Marekani kuhusu ndoa na uhuru wa mwanamke, zile za kati ya 1890 na 1926, zimeshamaliza muda wa hakimiliki nchini humo. Mwenye simu na bando dogo anaweza kuzisoma zote bila kutoa senti. Kazi iko kwenye kujua uchukue faili lipi, na uanze na hadithi ipi.

Wengi huanza kwa kuandika jina la mwandishi Kate Chopin kwenye Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya bure. Faili linalojitokeza ni The Awakening, and Selected Short Stories, na msomaji hudhani amepata kila kitu. Hajapata. Mna riwaya nzima na hadithi fupi kadhaa, lakini “The Story of an Hour”, ambayo ndiyo hasa watu huifuata, haimo. Itafute Wikisource, maktaba nyingine ya bure mtandaoni. Kwenye Gutenberg chukua EPUB kama una programu ya kusomea vitabu, au HTML kama unasomea kwenye kivinjari. Maandishi matupu ni mepesi zaidi, ila mistari hukatika ovyo kwenye kioo kidogo cha simu, na maneno ya mlazo huzungushiwa vistari vya chini vinavyosumbua macho. Usitarajie utangulizi wala maelezo ya pembeni, na hilo ndilo pungufu kubwa la nakala hizi. Yanayofuata hapa ni ya kuliziba kidogo.

“The Story of an Hour” ina maneno kama 1,000 tu. Ilitoka katika jarida la Vogue Desemba 1894. Bi. Mallard, mgonjwa wa moyo, anaambiwa mumewe amekufa katika ajali ya treni. Anapanda chumbani, anajifungia, anakaa mbele ya dirisha lililo wazi. Karibu hadithi yote imo humo chumbani. Chopin aliijua ajali ya aina hiyo: baba yake alifariki mwaka 1855 treni ilipoanguka na daraja huko Missouri, na yeye mwenyewe alifiwa na mume mwaka 1882 akiwa na watoto sita.

Kosa la kawaida ni kusema kwamba mwanamke huyu alimchukia mumewe. Maandishi hayasemi hivyo. Mume alikuwa na mikono ya upole, naye alimpenda, wakati mwingine. Mara nyingi hakumpenda. Kinachomwelemea ni imani ya wanaume na wanawake kwamba wana haki ya kumlazimisha mwenzao afuate matakwa yao, na Chopin anasema wazi kwamba nia njema haipunguzi kosa hilo. Ukiikosa sentensi hiyo umeikosa hadithi. Angalia pia majina: mwandishi humwita Bi. Mallard, kwa ukoo wa mume, na jina lake mwenyewe, Louise, tunalisikia mara ya kwanza dada yake anapomwita kupitia tundu la ufunguo, wakati ameshajiambia kwamba yuko huru.

Katika faili lile la Gutenberg, usiruke “A Pair of Silk Stockings”. Bi. Sommers anapata dola 15 bila kutarajia. Anazipangia hesabu: viatu vya mtoto huyu, kitambaa cha mashati ya wale. Kisha dukani mkono wake, bila glavu, unagusa rundo la soksi ndefu za hariri zilizoshushwa bei kutoka dola 2.50 hadi dola 1.98. Mume hatajwi kabisa. Ndoa imo ndani ya ile bajeti, na uhuru unadumu mchana mmoja. Ni hadithi ndogo, lakini mwenye kuendesha nyumba kwa fedha za kuhesabu ataielewa kuliko profesa.

“The Yellow Wall-Paper” ya Charlotte Perkins Gilman ina faili lake peke yake, maneno kama 6,000. Ilichapishwa Januari 1892. Mwanamke aliyejifungua karibuni ameletwa na mumewe, ambaye ni daktari, kupumzika katika nyumba ya kupanga. Chumba chao kina nondo madirishani, pete za chuma ukutani, kitanda kilichopigiliwa misumari sakafuni na karatasi ya ukutani ya manjano iliyochanika. Hapa utangulizi unahitajika sana, maana msomaji wa leo anaweza kudhani mume ni mkatili wa kubuni. Mwaka 1887 Gilman alipelekwa kwa daktari mashuhuri S. Weir Mitchell wa Philadelphia na kupewa tiba ya kupumzika. Aliporudishwa nyumbani aliagizwa aishi maisha ya nyumbani kadiri awezavyo, shughuli za akili zisizidi saa mbili kwa siku, asiguse kalamu wala brashi maisha yake yote. Ndiyo sababu msimulizi anaandika kwa kujificha, na kila akisikia mume anakuja anaiweka kalamu. Hata jina Jane kwenye ukurasa wa mwisho, ambalo wengine hudhani ni kosa la uchapaji, lisome polepole. Inawezekana sana ni jina la msimulizi, ambalo amelificha tangu mwanzo.

Mary Wilkins Freeman ndiye anayesahaulika, na ni hasara. “The Revolt of ‘Mother’” ilitoka mwaka 1890. Sarah Penn ameolewa miaka 40 na kuahidiwa nyumba mpya mahali pale pale ambapo mume, Adoniram, sasa anajenga banda jipya la mifugo. Mume akisafiri kununua farasi, mke anahamisha vyombo vyote bandani. Freeman haachi jambo hewani: vyumba vya farasi vikitundikiwa mifarishi (mablanketi ya kushonwa kwa vipande vya kitambaa) mbele yake ni vyumba vya kulala, chumba cha hatamu chenye bomba la moshi na rafu ni jiko, na nafasi kubwa ya katikati itakuwa sebule. Mume akirudi anaambiwa aweke madirisha, atenganishe vyumba na anunue fanicha. Kiingereza chake ni cha mashambani New England, na maneno kama “idee” hayamo kwenye kamusi. Yasome kwa sauti na utayatambua. Mwaka 1917 Freeman aliikana hadithi hii, akisema hakukuwa na mwanamke kama huyo New England. Hata kama ni kweli, hadithi haikuharibika.

Iliyo bora kuliko zote ni “A Jury of Her Peers” ya Susan Glaspell, ya mwaka 1917, iliyotokana na tamthilia yake ya mwaka uliotangulia. Gutenberg utaipata ndani ya The Best Short Stories of 1917. Tafuta jina la Glaspell kwenye orodha ya yaliyomo. Akiwa mwandishi wa gazeti Des Moines, Glaspell aliripoti kesi ya Margaret Hossack, aliyeshtakiwa kumuua mumewe kwa shoka shambani kwao Iowa mwaka 1900. Katika hadithi, mume amenyongwa kwa kamba usingizini. Wanaume wanatafuta sababu ya mauaji juu ghorofani na bandani. Wanawake wawili wanabaki jikoni na kuipata kwenye meza iliyofutwa nusu, kwenye mitungi ya matunda iliyopasuka kwa baridi, na kwenye mfarishi.

Huo mfarishi unahitaji maelezo, la sivyo mwisho utakupita. Mshonaji huunganisha vipande kwanza, kisha huamua jinsi ya kushikamanisha kitambaa cha juu, pamba ya ndani na kitambaa cha chini: ama ashone mishono midogo kote, ama apitishe uzi hapa na pale na kufunga mafundo. Vipande vingi vya Bi. Wright, mke wa marehemu, vimeshonwa vizuri, halafu kimoja ghafla kimekwenda kombo. Bi. Hale, mmoja wa wale wanawake wawili, anaifumua mishono ile mibaya na kuishona upya, kimya kimya. Huo ndio ushahidi wa kwanza kufutwa. Mwanasheria anapouliza kwa mzaha kama ni mishono au mafundo, jibu ni mafundo. Kwa Kiingereza neno hilo, “knot”, hutamkwa sawasawa na neno la kukana, “not”, na tayari fundo liko kwenye kamba iliyomnyonga mume. Kumbuka pia kwamba wakati huo wanawake wa Iowa hawakuruhusiwa kukaa kwenye jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani, ile “jury” ya kwenye jina la hadithi. Jopo pekee la watu wa hali yake liko pale jikoni.

Hizi tano zina upungufu mmoja mkubwa: wanawake wanaotafuta uhuru humo ni weupe. Ongeza “Sweat” ya Zora Neale Hurston, ya mwaka 1926. Haimo kwenye mafaili niliyotaja, kwa hiyo itafute kwa jina lake na la mwandishi. Delia Jones wa Florida amefua nguo za Wazungu miaka 15, nyumba imepatikana kwa jasho lake, na mume anataka kumtoa humo ili amlete mwanamke mwingine. Wenzake wa hadithi nyingine wanatafuta chumba. Huyu anacho, na anakilinda. Lahaja ya mazungumzo ni nzito kwenye karatasi, lakini masikioni ni nyepesi, kwa hiyo ukipata msomaji mzuri wa sauti, sikiliza huku unafuata maandishi. Kwa hizo za zamani zaidi kuna LibriVox, ambako watu wa kujitolea husoma bure. Ubora hutofautiana sana, na “The Yellow Wall-Paper” ina matoleo zaidi ya moja. Jaribu dakika mbili za kila toleo kabla ya kupakua, na umkatae msomaji anayeanza kwa sauti ya kichaa. Mwanamke yule anaanza akiwa na akili timamu kabisa.