Bafa za vihisi vya pH na redoksi: ununue ipi kwanza

Kabla ya kulipa, jiulize unasawazisha kihisi mara ngapi. Bafa, yaani maji yenye kipimo kinachojulikana ya kusawazishia kihisi, ikishafunguliwa huanza kuharibika, hivyo ukubwa wa chupa ndio unaoamua kama pesa yako itatumika au itamwagwa.

Nafasi ya kwanza tunaipa vipakiti vya mililita 20. Vinamfaa mfugaji wa samaki wa Jinja au mhudumu wa bwawa la kuogelea anayesawazisha mara moja kwa wiki: kata, chovya, mwaga. Chukua vya pH (kipimo cha uasidi) 7.01 na 4.01. Mfugaji wa ngege (tilapia) asikose 10.01, kwa sababu maji ya kijani hupanda hadi 9 alasiri, mwani ukishanyonya hewa ya ukaa. Hewa hiyohiyo ndiyo inayoishusha bafa ya 10.01 iliyoachwa wazi, kwa hiyo hiyo hasa inunuliwe kwa vipakiti.

Ya pili ni chupa ya mililita 500, kwa maabara ya maziwa ya Mbarara inayosawazisha kila asubuhi. Andika tarehe siku ya kuifungua. Mimina kwenye kikombe kidogo, na uliyotumia usiirudishe kamwe.

Unga wa kuyeyusha katika mililita 250 unashika mkia. Ni rahisi kwa bei, lakini maji ya kisima huuharibu. Yanatakiwa maji yaliyokenekwa. Tena pakiti nyingi ni za 6.86 na 9.18. Mita inayotambua bafa yenyewe, ikiwa imepangiwa 7.00, huipokea 6.86 kana kwamba ni 7.00, nawe unapotea kwa 0.14 bila onyo lolote.

Kabla ya dawa ya kusafishia, nunua maji ya kuhifadhia: kloridi ya potasiamu, moli 3 kwa lita. Maji yaliyokenekwa hufyonza chumvi ya ndani ya kihisi, na kihisi kinakuwa kizito kujibu.

Usafi hufuata uchafu. Mafuta: sabuni ya vyombo na maji vuguvugu. Magadi na chokaa: asidi hidrokloriki ya moli 0.1, dakika 5 hadi 10. Maziwa yaliyoganda: pepsini (kimeng'enya kinachoyeyusha protini) ndani ya asidi hiyo, maana sabuni haiondoi protini. Suuza, gusisha karatasi laini bila kusugua kioo, loweka saa moja kwenye maji ya kuhifadhia, ndipo usawazishe, ukianza na 7. Mteremko kamili, yaani badiliko la volti ya kihisi, ni milivolti 59.16 kwa kila pH moja katika nyuzi 25. Mteremko wa kihisi chako ukibaki chini ya asilimia 85 ya huo hata baada ya kusafisha, nunua kihisi kipya.

Kihisi cha redoksi, kinachopima kwa milivolti nguvu ya maji ya kuoksidisha, kinahitaji chupa moja tu. Kwa bwawa la kuogelea, linaloendeshwa milivolti 650 hadi 750, chagua ya 470 badala ya 220. Kipimo kikipishana na lebo kwa zaidi ya 20, sugua platini (metali ya ncha ya kihisi) taratibu kwa dawa ya meno na kitambaa laini, suuza, kisha pima tena.

Dukani geuza chupa usome tarehe ya kuisha. Iliyokaa juani dirishani, iache hapohapo.