AT&T TSD-3600: kufuli lenye ufunguo wa pili serikalini

Nilinunua viwili, mtumba, kwa muuza simu za zamani: ni vifaa vya kuficha mazungumzo ya simu kwa msimbo, asisikie mtu wa tatu. Unakichomeka kati ya mkono wa simu na simu yenyewe. Ukibonyeza kitufe, kila upande unaona alama nne kwenye kioo; mnasomeana, zikilingana mnaongea. Hapo nimependa sana, hata mzee asiyejua kompyuta anaweza.

Lakini ndani kuna chipu ya Clipper, ndiyo inayoficha sauti kwa msimbo. Mwaka 1993 serikali ya Marekani ilitaka ufunguo wa kila chipu ukatwe vipande viwili, vitunzwe na idara zake mbili, ili wapelelezi wenye kibali wasikilize. Wateja waligoma, na walikuwa na haki. Mwaka 1994 mtafiti Matt Blaze alionyesha hata mlango huo unakwepeka. Mazungumzo yangu na mama siyapitishi humo.