Duka la vitu vya kale, Mji wa Kale: jambia lisilo jambia

Nimekula chumvi ya melini miaka kumi na tisa, mingi nikilala chumba kimoja na mabaharia wa Kifilipino, na hao ndio walionisomesha visu vya kwao. Basi nilipoona dirishani, hapa karibu na Fort Jesus, kijikaratasi "Jambia la Oman, miaka 200", nilicheka peke yangu nikaingia.

Jambia gani hilo? Jambia limepinda, lina makali kotekote. Hili bapa lake pana kama jani, limenona katikati, mgongo mnene, makali upande mmoja tu. Na mpini ni kichwa cha kakatua, yule kasuku mwenye kishungi. Hiyo barong, bwana, silaha ya Watausug wa visiwa vya Sulu, kusini kabisa mwa Ufilipino.

Kijana wa dukani nilipomwambia, aliniita ami, akanipa kiti, akaagiza kahawa na kashata. Kwa ukarimu sina la kusema.

Akaleta na "panga la maharamia". Nikapitisha kidole gumba: upande mmoja umelala bapa, wa pili umechongwa, kama patasi ya seremala. Mpini una kichwa cha dude lililoachama, meno nje. Ni kazi ya Visaya, visiwa vya katikati ya Ufilipino, na kwa mpini ule nasema ni ya kisiwa cha Panay: panga liitwalo talibong.

"Kris ya Java" nayo si ya Java. Kris ya Java ni kisu kifupi, cha kudunga. Hii ni upanga wa kufyeka, wa Wamoro, Waislamu wa kisiwa cha Mindanao na wa Sulu. Karibu na mpini pana gangya, ile sehemu pana ya mwanzo wa bapa, ambayo kwenye za zamani ni kipande cha chuma kilichoungwa. Hapa wamechora mstari tu wa kuigiza kiungo. Hiyo ya zamani gani?

Kilichoniudhi ni msasa. Barong wameisugua mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi, na mawimbi ya chuma kilichofuliwa tabaka kwa tabaka yamekwenda zake. Halafu bei: nilipoingia elfu tisa, nilipomaliza kahawa elfu kumi na sita. Elimu yangu mwenyewe hiyo!

Talibong nimeinunua kwa 6,500. Jana nikapita tena. Barong ingali dirishani, kijikaratasi kipya: "Jambia la Sulu".

Nyota tatu.