Kituo Kizuri, Kampuni ya Aibu: Safari Yetu ya Melaka

Nilikusudia kuisifu Terminal Bersepadu Selatan, kituo cha mabasi ya masafa marefu cha Kuala Lumpur, Malaysia, bila kubakiza neno, na sehemu kubwa ya sifa hizo bado ninasimama nazo. Wanafunzi waliotutangulia hapa Kuala Lumpur wanaikumbuka Puduraya, kituo kilichofunguliwa katikati ya jiji mwaka 1976, ambako wapiga debe walimgombania abiria kabla hajatua begi, huku mabasi yakinguruma chini kwenye joto na moshi. Mwaka 2011 mabasi ya kusini yalihamishiwa kituo hiki kipya kilichoko Bandar Tasik Selatan, nje kidogo ya katikati ya jiji, mahali ambapo reli tatu hukutana: LRT (treni nyepesi ya jijini) ya Sri Petaling, treni ya KTM Komuter, na KLIA Transit itokayo uwanja wa ndege. Unashuka kwenye treni, unavuka daraja la waenda kwa miguu, na unafika kwenye madirisha ya tiketi ambayo kila moja linauza safari za kampuni zote. Hakuna anayekuvuta mkono.

Mama yangu alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Tanga, na alitamani sana kuuona mji wa Melaka. Kwa kuwa reli haifiki mjini Melaka kwenyewe, tulilazimika kupanda basi. Tiketi tuliipata upesi, tukateremka hadi kwenye lango letu, tukakaa. Saa ya kuondoka ikafika na kupita. Mhudumu wa kampuni ya basi, ambayo sitaitaja, alikuwa ameketi mezani karibu na lango akichezea simu, na kila aliyemuuliza alijibiwa neno moja tu: subiri.

Hatimaye basi likaja, lakini lilikuwa dogo kuliko lile tulilouziwa, na viti vyetu havikuwamo. Mama akamsogelea yule kijana na kumwonyesha tiketi kwa upole. Hakuinua uso. Aliisukuma tiketi ile kwa ncha ya kalamu mpaka ikaanguka sakafuni, kisha akamnyooshea mama kidole cha shahada kumwonyesha njia ya kurudi juu. Anayeishi nchi hii anajua kwamba Wamalei wenyewe huelekeza kwa kidole gumba, kwa sababu kumnyooshea mtu kidole cha shahada ni utovu wa adabu, sembuse mama mtu mzima mwenye maumivu ya magoti. Mama aliinama mwenyewe kuiokota kabla sijamfikia. "Mwanangu, twende tukakae," akaniambia, nami nilikuwa natetemeka kwa hasira.

Tulirudi kwenye madirisha. Dada aliyekuwa zamu alitusikiliza mpaka mwisho, akaipigia simu kampuni ile bila kupokelewa, kisha akatutafutia viti kwenye basi la kampuni nyingine lililokuwa karibu kuondoka, akamwita kijana wa kazi ambebee mama begi. Nauli tulilipa upya, kwani ile ya kwanza iko mikononi mwa kampuni. Huyo dada ndiye sababu ya mimi kuendelea kuandika neno zuri hapa, na siku ile nilisema moyoni kwamba kituo chenye mtu kama yeye kinastahili alama zote.

Ila kadiri ninavyoandika, ndivyo ninavyoona kwamba alama zote ni nyingi mno. Treni na mabasi vimeunganishwa kweli, na tiketi zimeunganishwa, lakini wajibu haujaunganishwa: abiria hununua kwenye dirisha la pamoja, na basi likikosa viti anaachwa peke yake na mtu asiyetaka hata kumtazama. Mimi nakijua Kimalei cha kutosha kujieleza. Mgeni asiyekijua, mwenye mtoto mgongoni, angemweleza nani? Nauli ingepaswa kushikwa na kituo hadi abiria akae kitini, na kampuni inayouza kiti isichokuwa nacho inyimwe nafasi madirishani.

Melaka ilimpendeza mama, na siku ya kurudi basi liliondoka kwa wakati wake. Nauli ya kwanza haijarudishwa mpaka sasa, na barua niliyoiandikia kampuni haijajibiwa. Anayekwenda kusini apitie kituo hiki bila wasiwasi, ila amuulize mwenye dirisha, kabla ya kutoa ringgit (fedha ya Malaysia) hata moja, basi ni la nani.