Pikipiki ya umeme ya 72V mjini Dodoma: mbio inazo, breki zake zichunguze

Muuzaji atakutajia kilomita za chaji moja. Wewe muulize breki kwanza.

Tunayoipima hapa ni ile yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma, betri ya litiamu ya 72V 40Ah, breki ya diski mbele na ya ngoma nyuma, isiyo na klachi wala gia. Kuondoka kwenye taa haina mpinzani, kwa sababu mota hutoa nguvu yake yote ya kuzungusha tangu gurudumu likiwa limesimama. Ndiyo maana aliyezoea ya petroli avute eksileta taratibu. Ukiifungua ghafla kwenye mchanga wa mitaa ya Nkuhungu, tena umepakia, tairi la nyuma linachimba na kukuvuta pembeni.

Kinachotukera zaidi ni mkono wa kushoto. Pale ilipokuwa klachi pamewekwa breki ya nyuma. Bodaboda aliyezoea kubana klachi yote kila anapopunguza mwendo atabana vivyo hivyo, tairi lijifunge na pikipiki ikae upande. Kabla ya kubeba abiria, tafuta uwanja mtupu, nenda kilomita 20 kwa saa, achia eksileta, bana kwa vidole viwili tu. Rudia mpaka mkono usahau klachi.

Kusimama kwa haraka kwenye lami kavu kunakwenda hivi: eksileta iachiwe mpaka mwisho, nyuma iguswe kidogo pikipiki itulie, kisha diski ya mbele ibanwe kwa kuongeza, si kwa mkupuo, usukani ukiwa umenyooka. Breki ya mbele ndiyo inayobeba kazi kubwa, maana uzito mwingi unahamia huko. Kwenye changarawe ipunguze, na ukiwa kwenye kona usiibane kabisa. Kwa kilomita 40 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka inakula mita 11, na breki nzima zinadai mita nyingine 10 hivi. Kwa 60 ni mita 17, kisha 23. Mvua za kwanza zikigonga vumbi la kiangazi, hesabu hizo zisahau. Acha nafasi mara mbili.

Kuna breki ya tatu ambayo wauzaji huisifia mno, ile ya mota. Ukiachia eksileta, mota inageuka jenereta, inarudisha umeme kwenye betri na mwendo unapungua. Inasaidia kweli, pedi zinadumu. Ila betri ikishajaa, umeme huo hauna pa kwenda, kwa hiyo kontrola, kile kifaa kinachoongoza umeme wa mota, inaukata. Aliyechaji usiku kucha kule juu UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) akiteremka asubuhi atakuta pikipiki haishikwi kama jana jioni. Anayeishi mlimani achomoe chaja kwenye asilimia 90.

Tena haina mlio. Soko la Majengo mtu anaingia barabarani akitegemea masikio, kwa hiyo honi mapema.

Vumbi la Dodoma linaingia kwenye ngoma na kukwaruza. Fungua, futa kwa kitambaa kibichi, usipulize kwa kompresa wala usipake grisi kwenye breki shuu, vile vipande vinavyobana ngoma kwa ndani. Pedi zikibaki milimita 2, badilisha. Mafuta ya breki badilisha kila miaka miwili.

Kwa mizunguko ya Kisasa, Area D na mjini, tunaikubali. Kwa barabara ya Dar kuelekea Mtumba, nyuma ya malori na mshikaki (abiria zaidi ya mmoja) mgongoni, hapana: ngoma ile ndogo ikipata moto inalegea, na diski peke yake haitoshi kwa uzito huo.

Kabla ya kulipa, weka stendi kubwa, gurudumu la nyuma likiwa hewani. Washa, vuta eksileta kidogo lizunguke, halafu gusa breki moja moja kwa wepesi. Kila moja inatakiwa ikate umeme wa mota na kuwasha taa ya nyuma kabla hata pedi au shuu hazijashika. Mota ikiendelea kusukuma, swichi ya breki hiyo ni mbovu au waya wake umekatika, na barabarani utakuwa unashindana nayo. Usitoe hela mpaka fundi wa duka abadilishe mbele yako na mjaribu upya.